Simu Haikumjua Fundi Kenchi

Nusu ya mtaa ule ilikuwa imeezekwa na Fundi Kenchi, na nusu nyingine aliijua kwa makosa yake. Ukitoka naye kwenda dukani kununua sabuni, utarudi shingo inakuuma, maana yeye hatazami watu, anatazama mapaa. "Ile kofia ya juu ilipindwa na mtu mwenye haraka," atakuambia. "Na ule mfereji ulifungwa na mtu mwenye njaa." Jina la Kenchi hakupewa na mama yake. Kenchi ni zile mbao za pembetatu zinazobeba paa zima, ambazo dari ikishapigwa hakuna anayezikumbuka tena. Waliompa jina hilo walikuwa wamemtazama vizuri: mwembamba, mkavu, mabega juu, maneno haba.

Alikuwa na mazoea mawili. La kwanza, kila paa alilolimaliza, kabla ya kulifunga kofia, lile bati la kileleni, alichukua brashi ndogo akaandika upande wa ndani, kwa rangi nyekundu, herufi mbili za jina lake na mwaka. Nani atasoma huko? Njiwa labda, na fundi atakayekuja kulibomoa. Kenchi aliona wasomaji hao wanamtosha.

La pili ndilo lililomponza. Mvua ya kwanza ya msimu ikianza, watu wote wanakimbilia nyumbani, yeye anatoka. Anakwenda kwa mteja aliyemwezekea karibuni, anabisha hodi akiwa amelowa chapachapa, anaomba kiti, anakaa sebuleni na kutazama dari. Haongei. Ukimwashia televisheni kwa ukarimu, anakuomba uizime. Anasikiliza. Bati lililopigwa vizuri, kwa maelezo yake, lina sauti moja, na lenye kasoro lina sauti mbili. Nusu saa ikipita anainuka, anasema, "Haya, kwaherini," anahamia nyumba ya pili. Wateja walikuwa wamemzoea kama wanavyomzoea msoma mita.

Sasa fanya hesabu ndogo. Ikiwa kila mvua inaponyesha fundi yuko sebuleni kwa watu, ya kwake ataisikia lini? Mganga hajigangi, na Kenchi alilitimiza neno hilo kwa uaminifu. Katikati ya sebule yake, baina ya meza na kabati la vyombo, palikuwa na beseni la bluu ambalo mkewe aliliweka "kwa muda tu". Muda huo ulikuwa umefika miaka ishirini na miwili. Binti yao wa pekee alijifunza kusimama kwa kulishika beseni hilo.

Basi kazi zikaanza kupungua. Hazikukatika kwa kishindo, zilipungua kidogo kidogo kama sabuni ya kuogea, mpaka siku unashika huoni kitu. Kenchi alisema ni hali ya maisha. Kisha siku moja akapita kwa mama mwenye duka la dawa, mteja wake wa zamani, akaona nyumba ya jirani yake inang'aa mabati mapya.

"Huyu jirani yako ameezekewa na nani?" akauliza.

"Na Fulana."

"Kwa nini hukumwambia habari zangu?"

"Hakuniuliza mimi, fundi. Aliuliza simu."

"Simu inajua kuezeka?"

"Haijui. Inajua nani anajua."

Kenchi alirudi nyumbani na jibu hilo kama mtu aliyerudishiwa barua yake mwenyewe. Huyo Fulana alikuwa mwanafunzi wake. Miaka minane alimbebea mabati, akafunzwa kushika nyundo, akaaga vizuri, akaondoka na baraka zote. Jina lilimjia baadaye, alipowavika vibarua wake sita fulana za njano zenye namba yake ya simu mgongoni. Si mtu mbaya. Mwezi ule ule alikuja kumtembelea mzee wake, akakaa karibu na beseni, akasema kwa adabu, "Mzee, umri unakwenda. Njoo kwangu. Utakuwa msimamizi, hutapanda juu tena." Akaacha fulana moja ya njano. Mke wa Kenchi aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mlango ulipofungwa, fulana ilipunga mikono.

Ikabaki tegemeo moja. Shule ya chekechea ya mtaa wa pili ilikuwa inataka kubadilisha mabati ya madarasa matatu, na mkuu wa shule, mama mmoja mrefu ambaye watu wote walimwita Madamu, alimpokea Kenchi Jumatatu, akamsikiliza, akasema, "Sawa, fundi. Mimi huwa siamui mpaka niulize simu yangu. Nitakujulisha Jumamosi ya wiki ijayo." Kenchi akarudi akawatangazia mkewe na bintiye wakiwa mezani: "Nikiikosa hii, nauza ngazi, navaa ile fulana." Ngazi ile aliitengeneza kwa mikono yake kabla hajaoa. Hakuna aliyecheka.

Bintiye alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno. Kutwa nzima alikuwa akiwauliza wagonjwa nani amewaelekeza, na wengi siku hizi walijibu kwa mashavu yaliyovimba kwamba ni simu. Akatoa yake pale pale mezani, akaiuliza ile akili bandia kwa sauti, "Nani fundi mzuri wa kuezeka mapaa karibu na hapa?"

Simu ikajibu kwa sauti ya mwanamke mpole. Wa kwanza akawa Fulana. Wa pili, duka la miavuli. Basi.

"Miavuli," akasema Kenchi.

"Kwa kuwa inazuia mvua, Baba."

"Najua miavuli inazuia nini. Nipe hiyo simu." Akaishika kwa mikono miwili, akakohoa, akasema, "Hujambo, mama. Mimi ni Fundi Kenchi. Nimeezeka mtaa huu miaka thelathini na mmoja. Ghala la mbao ni langu, duka la dawa ni langu, nyumba ya mwenye mashine ya kusaga ni yangu. Nakuomba unikumbuke."

Simu ikamshukuru kwa kuijulisha na ikamtakia kazi njema. Kenchi alilala na amani. Kesho yake asubuhi akamwomba bintiye aulize tena, na yule mama wa kwenye simu akajibu: Fulana, na duka la miavuli.

"Lakini jana nilimweleza," akasema Kenchi, na kweli aliumia. Kwa siku tatu aliendelea kumsalimia kila asubuhi kabla binti hajaenda kazini, akimjulia hali, akimkumbusha ghala la mbao, kama mtu anayembembeleza karani wa ofisi kubwa. Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi upande wa pili, alisema kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kuulizwa ameamkaje mara tatu mfululizo.

Mwishowe binti akamkalisha chini. "Baba, hiyo haina urafiki na mtu. Inasoma yaliyoandikwa, basi. Fulana ameandikwa, ana picha, ana wateja waliomtolea ushuhuda. Wewe umeandikwa wapi?"

"Kwenye mapaa."

"Nje au ndani?"

Jibu Kenchi alilijua.

Jioni ile wakaanza. Binti akamfungulia ukurasa, akaweka anapopatikana, saa zake za kazi, na picha yake akiwa amesimama kando ya ngazi na uso wa mtu anayesubiri hukumu. "Sasa niambie," akasema, "mtu akiwa na shida ya paa anaulizaje? Nataka maneno yake mwenyewe, yasiwe ya kifundi."

"Anauliza, nani aliniharibia paa hili."

"Na kabla ya hapo?"

Basi wakaandika: paa linavuja, mabati yameshika kutu, dari ina madoa, mfereji umeziba. Pembeni ya kila shida binti akaeleza kwa maneno mepesi baba yake huifanyia nini. Likabaki la ushuhuda. Hapo binti alikuwa mkali: wateja wa kweli tu, waandike ya kweli, na waandike wenyewe. Kenchi akakubali. Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuna simu ingemwambia: watu wa mtaa wake hawakujua kumsifu mtu aliye hai.

Si kwamba hawakumpenda. Walimpenda, lakini walishindwa kusema. Mshona viatu alishika simu yake robo saa nzima, jasho likimtoka, akauliza, "Nikuandikie nini, fundi, na wewe umesimama hapo?" Mwenye mashine ya kusaga alisema atajisikia vibaya, kama anamchumbia. Kenchi akawaonea huruma. Akasema neno moja, kwa nia njema kabisa: "Mkishindwa, mwoneni Mwalimu Mstaafu awasaidie."

Mwalimu Mstaafu alikuwa na kalamu nzuri kuliko zote mtaani. Tangu aache kufundisha alikuwa na kazi moja, ya kujitolea: msiba wowote ukitokea, yeye ndiye anayeandika wasifu wa marehemu na kuusoma mbele ya watu. Alikuwa ameandika zaidi ya mia. Walevi, wagomvi, wapangaji wasiolipa, wote walipita kwenye kalamu yake wakatoka wameoshwa. Alipoanza kupokea wateja wa Kenchi, mmoja mmoja, wakimwomba awasaidie kumsifu fundi, alifurahi mno. Aliwasikiliza, akauliza mwaka waliojengewa, na yote aliyoandika yalikuwa kweli tupu. Isipokuwa aliyaandika kwa namna aliyoizoea mkono wake.

"Fundi Kenchi alikuwa mtu wa watu," uliandika mkono huo kwa niaba ya mshona viatu. "Hakuwa na makuu. Alituezekea kwa moyo mmoja, akatuachia paa lisilovuja hata tone. Pengo lake halitazibika. Kila mvua inaponyesha tutamkumbuka." Kwa mama wa duka la dawa ukaandika kwamba ametutangulia kwa wema na sisi tutafuata nyayo zake. Kwa mwenye mashine ya kusaga ukamalizia na maneno ya apumzike, kwani kazi ameifanya.

Kwa siku nne zikapanda shuhuda ishirini na tatu, kila mmoja na nyota tano. Binti, kliniki ikiwa imejaa watu wa kung'olewa, alihesabu nyota akashangilia, hakusoma. Kenchi naye hakusoma, kwa kuwa aliona mtu mzima kusoma sifa zake mwenyewe ni sawa na kujikuna mbele za watu. Aliyekataa kuandika ni mmoja tu.

"Mimi nitaandika siku beseni hili likitoka hapa," akasema mkewe.

"Mama, wewe si mteja," akasema binti.

"Nimesubiri kuliko mteja yeyote."

Jumamosi ya jibu ikafika. Mchana mawingu yakaanza kujikusanya, meusi upande mmoja. Binti alikuwa zamu. Kenchi alikuwa ameketi akitazama simu yake ndogo ya vitufe, isiyolia. Mkewe akachukua kikapu chake cha sokoni, akamtazama kutoka juu hadi chini. "Kwa kuwa huna kazi," akasema, "na kwa kuwa ngazi bado ni yetu, panda huko juu nikirudi nikute umefanya jambo." Akaondoka.

Kenchi akapanda. Akaenda upande wa nyuma wa paa, pale alipokuwa akikisia siku zote kuwa ndipo panapovuja, akalala kifudifudi, akapapasa. Haikumchukua dakika kumi. Ulikuwa msumari mmoja, pale bati linapolaliana na jingine. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umekwisha kwa jua, na papi iliyokuwa chini yake, ule ubao mwembamba unaopigiliwa bati, umelainika kama mkate uliolowa. Kazi ya nusu siku. Alikaa juu ya bati la moto akalifikiria lile beseni, maji yaliyomwagwa asubuhi ngapi, mke aliyeinama mara ngapi, na aliona aibu. Si aibu ya utani, ni ile inayomfanya mtu aangalie pembeni hata akiwa peke yake. Akafungua bati, akang'oa ubao uliooza, akaanza.

Wakati huo huo Madamu alikuwa ofisini kwake anauliza simu. Alikwishapata majina mawili, akataka kujua na la tatu. "Na Fundi Kenchi je?" Simu ikamjibu kwa sauti ya upole kuliko siku zote. Ilisema fundi huyo anasifiwa sana, labda kuliko wote katika eneo hilo, hasa kwa mapaa yasiyovuja. Ila kwa bahati mbaya, kutokana na maelezo ya wateja wake ishirini na watatu, inaonekana ameaga dunia. Ikampa pole. Ikamuuliza kama angependa kusikia habari za duka la miavuli.

Madamu alikuwa mtu wa kutenda. Mtu uliyeongea naye Jumatatu ya wiki iliyopita hafi ukakaa kimya. Akawaita walimu wake wawili, wakajifunga vitambaa vyeusi, wakatoka. Njiani wakakutana na Mwalimu Mstaafu.

"Fundi Kenchi?" akasema Mwalimu Mstaafu. "Lini? Juzi tu nilikuwa naye." Kisha akaguswa na jambo. "Na wasifu wake nimeshauandika. Mara ishirini na tatu. Kumbe moyo ulikuwa unaniambia." Akarudi nyumbani kuchukua karatasi.

Habari ya kifo haihitaji simu. Mpaka saa tisa uwanja wa mbele wa nyumba ya Kenchi ulikuwa na watu zaidi ya thelathini na viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa majirani. Mlango ulikuwa umefungwa, wenyewe hawapo, na kila aliyefika alidhani wako hospitali. Kenchi, upande wa nyuma, alisikia minong'ono na viti vikiburutwa. Akadhani ni kikao cha jirani. Hakuwa mtu wa kuchungulia mambo ya watu, akaendelea kupima ubao.

Ndipo sauti ya Mwalimu Mstaafu ikapanda, ile ya misibani, na Kenchi akasimamisha nyundo kwa heshima ya marehemu, hata kama hamjui.

"Alikuwa mtu wa watu. Hakuwa na makuu."

Maskini, akawaza Kenchi.

"Alituezekea kwa moyo mmoja."

Ala, kumbe mwenzetu. Akatega sikio.

"Pengo lake halitazibika."

Pengo gani, akajiuliza kwa wasiwasi wa kifundi. Lakini zikaja nyumba: duka la dawa, mashine ya kusaga, kibanda cha mshona viatu, ambacho ni mabati manne tu na alikiezeka bure. Akaelewa. Aliyekufa ni yeye.

Mtu mwenye akili angeshuka hapo hapo. Kenchi alitaka kushuka, na mguu mmoja alikwisha kuuweka kwenye ngazi. Tatizo ni kwamba maneno yalikuwa matamu. Miaka thelathini na mmoja hakuna aliyemwambia zaidi ya "haya fundi, asante". Sasa mama wa duka la dawa alikuwa analia, analia kweli, akisema kwamba kila mvua ya kwanza alikuwa akimwekea kiti karibu na dirisha kwa kuwa alijua atakuja, na sasa kile kiti atakifanya nini. Kenchi akasema moyoni, nitashuka akimaliza huyu. Akamaliza, akaanza mshona viatu. Fundi akaurudisha mguu, akakaa.

Kisha akasimama Fulana. Alikuja mbio akiwa ameigeuza fulana yake ya njano ndani nje, kwa heshima. "Mimi nina la kusema," akaanza. "Kwenye ukurasa wangu kuna picha kumi na mbili za mapaa. Tisa si yangu. Ni yake. Nilizipiga nikiwa chini namshikia ngazi. Simu inanisifu mimi kwa jasho la mzee, na nilikuwa nikijiambia nitamwambia, nitamwambia. Leo namwambia nani?"

Na kutoka juu, bila mwenyewe kukusudia, kwa sauti ya mtu anayehakikisha vipimo, kukaja swali: "Na la ghala la mbao?"

"Hata la ghala la mbao, mzee," akajibu Fulana huku akifuta macho. Kisha akaacha kufuta.

Watu wakainua nyuso. Juu ya kofia ya paa kikachomoza kichwa cha Fundi Kenchi, na mkono wenye nyundo. Sitasema nani alikimbia, maana wengine ni watu wazima wenye familia. Nitasema tu kwamba viti vitatu vilivunjika na mmoja wa walimu wa chekechea alionekana baadaye ndani ya banda la kuku.

Ni wakati huo huo mkewe akaingia getini na kikapu. Aliwaona watu, vitambaa vyeusi, Mwalimu Mstaafu na karatasi mkononi. Aliona nyuso zote zimeelekea juu ya paa. Kikapu kikamtoka, vitunguu vikatawanyika. "Mimi ndiye niliyemwambia apande," akasema, si kwa mtu yeyote. "Ni mimi niliyemwambia."

Kenchi aliisikia sauti hiyo, na utamu wote wa saa nzima ukageuka uchungu mdomoni. "Nipo, mama watoto," akaita. "Nipo hapa. Sijaanguka." Akashuka ngazi kwa kasi ambayo angemfukuza kazi mwanafunzi kwa kuitumia.

Mkewe aliketi chini penye vitunguu, akamtazama, akamshika mguu wa suruali kuhakikisha una mtu ndani. Akalia kidogo. Alipomaliza kulia akaanza kugomba, na hapo watu wakajua kwamba hali imerudi kuwa salama. "Umekaa juu unasikiliza sifa," alisema, "na mimi nikafa chini." Kenchi alimwambia tu, "Nisamehe," mbele ya watu wote, jambo ambalo nalo lilikuwa geni mtaani.

Mvua haikungoja wamalize. Ilishuka yote kwa mpigo, na watu thelathini wakajisukuma ndani ya sebule ya Kenchi, mabega kwa mabega, wamelizunguka beseni la bluu kwa kuwa pale tu ndipo palipokuwa na nafasi. Madamu akalitazama beseni. Akaitazama dari, doa kubwa la kahawia lenye miaka yake. Akamtazama fundi wa mapaa.

"Hili ni la nini, fundi?"

Kenchi angeweza kusema uongo, na Mwalimu Mstaafu alikuwa pale tayari kumsaidia. "Hapa pamevuja miaka ishirini na miwili, Madamu," akasema. "Mvua ikinyesha huwa niko kwa watu. Leo ndiyo nimepatengeneza. Sijui kama nimemaliza vizuri, maana mliniombolezea mkanikatiza."

Basi wote wakatega sikio, wakatazama juu. Mvua ilipiga bati kama kokoto. Kenchi alifumba macho. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameketi sebuleni kwake akisikiliza mvua, bega lake limegusana na la mkewe, na kazi ya chekechea, na ngazi, na ile fulana nyuma ya mlango, vyote vilikuwa vinaning'inia kwenye msumari mmoja. Dakika tano. Kumi. Mshona viatu alipiga chafya, watu wote wakamkazia macho. Robo saa. Lile beseni likabaki kavu.

"Sauti moja," akasema Kenchi taratibu.

Mkewe aliinama, akaliinua beseni, akalitoa nje kwenye mvua, akarudi mikono mitupu. Sakafuni palibaki duara jeupe, safi kuliko nyumba nzima.

Madamu akasafisha koo. "Simu yangu imenipa majina matatu," akasema. "Wa kwanza ameungama mbele yetu. Wa pili anauza miavuli. Wa tatu ni marehemu. Nitamchukua marehemu."

Fulana ndiye aliyepiga makofi wa kwanza, kisha akaomba abebe mabati, na Kenchi akamwambia Jumatatu saa moja kamili, na hizo picha tisa azitoe kabla ya hapo.

Ikabaki kazi ya kumfufua. Binti aliposoma zile shuhuda ishirini na tatu, usiku wa Jumamosi hiyo, alicheka mpaka akakaa chini ya meza, halafu akamkataza baba yake kabisa kumtuma mtu kwa Mwalimu Mstaafu. Wateja wakaziondoa, wakaandika upya, safari hii wenyewe na kwa shida. "Halivuji," aliandika mshona viatu. "Mwaka wa tisa. Halivuji," aliandika mama wa duka la dawa. Simu ilichukua muda kuamini. Wiki tatu nzima iliendelea kumwombolezea, na Madamu akawa anaijibu kwa sauti, dirishani, kwamba marehemu yuko juu ya darasa la pili na anadai misumari. Kisha asubuhi moja kliniki, mgonjwa mwenye shavu lililovimba akamwambia binti kwamba nyumba yake ina shida ya dari pia, na simu imemwelekeza kwa Fundi Kenchi, ambaye kwa maneno ya simu, wateja wake hawasemi mengi ila wanakubaliana.

Ile fulana ya njano ikawa tambara la kupigia deki, na hasa pale palipokuwa na beseni, ambapo mkewe alipasugua kila siku ingawa hapakuwa na doa.

Msimu uliofuata, mvua ya kwanza ilipoanza, Kenchi hakutoka. Alivuta kiti, akakaa sebuleni mpaka ikaisha, ndipo akavaa viatu kwenda kwa wateja. Kesho yake binti akarudi kutoka kazini na simu mkononi. "Baba, kuna ushuhuda mpya," akasema. "Hauna jina."

"Mimi sisomi sifa zangu."

"Huu soma."

Akauchukua. Ulisema: "Alichelewa miaka ishirini na miwili. Lakini alipokuja, alikaa mpaka mvua ikaisha." Nyota zilikuwa nne.

Kenchi aliusoma mara mbili. Upande wa pili wa chumba mkewe alikuwa anapiga pasi, hamtazami mtu. Fundi akamrudishia binti simu, akainua uso, akaanza kuchunguza dari kwa makini sana, ingawa ilikuwa kavu.